Jinsi ya Kurekebisha Matamshi Kulingana na Anayekusikiliza

Ukisema "sitakuja" naye akasikia "nitakuja", ugomvi umeshaanza na wala hakuna aliyedanganya. Kilichopotea njiani ni konsonanti moja tu. Wengi wakiambiwa "sijakusikia" hufanya mambo mawili: hupaza sauti na kuyavuta maneno. Kuna siku inasaidia na kuna siku inaharibu kabisa, kwa kuwa mzee anayepoteza usikivu, mgeni anayejifunza lugha, mtu aliye upande wa pili wa simu inayokwaruza na mtoto wa mwaka mmoja hawapungukiwi na kitu kimoja.

Kwa hiyo kabla hujagusa sauti yako, jiulize huyu anakosa nini. Hasikii baadhi ya sauti? Anazisikia zote lakini hajui neno linaishia wapi? Kelele inazifunika? Au anasikia vizuri, ila anahitaji muda zaidi wa kuzipanga akilini? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua ubadilishe nini na uache nini.

Kutamka waziwazi ni kufanya nini hasa

Mwanafonetiki (mtaalamu wa sauti za lugha) wa Sweden, Björn Lindblom, alieleza mwaka 1990 kwamba msemaji hupima kila wakati: hulegeza matamshi pale anapoona mwenzake atakisia mwenyewe, na huyakaza pale anapoona hatakisia. Ndiyo maana nyumbani "nimeshafika" huwa "nshafika" na hakuna anayelalamika. Kutamka waziwazi ni kukaza huko, ila kwa makusudi. Faida yake imepimwa. Utafiti wa Picheny, Durlach na Braida uliochapishwa Marekani mwaka 1985 ulionyesha kwamba watu wenye usikivu hafifu walipata maneno zaidi, kwa wastani wa pointi 17 katika kila 100, pale msemaji yuleyule alipozisoma sentensi kwa uwazi badala ya kuzisoma kama anapiga soga.

Anza na kasi. Mtu anayeongea kawaida hutoa takriban silabi 5 hadi 6 kwa sekunde. Shuka hadi 3 au 4. Usishuke zaidi ya hapo, maana sentensi ikiwa ndefu mno kwa muda, msikilizaji anakuwa amesahau mwanzo wake kabla hujafika mwisho. Ukishafanya mazoezi ya kutosha utaweza kutamka waziwazi hata kwa kasi ya kawaida, kwani si kwenda polepole peke yake kunakoleta uwazi. Ni irabu kufikia mahali pake na konsonanti kufungwa na kufunguliwa sawasawa.

Sehemu kubwa ya muda unaouongeza iende kwenye mapumziko, isiende kwenye kuvuta silabi. Pumziko la nusu sekunde linatosha, na mahali pake ni baada ya kifungu chenye maana kamili:

"Dawa hii / unameza vidonge viwili / asubuhi / kabla ya kula."

Kosa linalojitokeza zaidi ni kukatakata ndani ya neno: "u-na-me-za vi-do-nge vi-wi-li". Katika Kiswahili mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mkazo huo ndio unaomwashiria msikilizaji kwamba neno linakaribia kuisha. Ukikatakata, kila silabi inapata mkazo wake, alama hiyo inafutika, na msikilizaji anabaki na silabi kumi zilizomwagika bila kujua zipi ni za neno lipi. Kuna maneno ambayo mkazo pekee ndio unaoyatofautisha: "barabara" ya magari ina mkazo kwenye "ba" ya pili, na "barabara" ya kufanya jambo sawasawa ina mkazo kwenye "ra" ya kwanza. Zikatekate zote mbili uone kama zina tofauti tena.

Irabu zifungue kikamilifu. Kiswahili kina tano tu, kwa hiyo kuna nafasi kubwa kati ya moja na nyingine, lakini mtu akiongea haraka "e" na "i" hukaribiana, "o" na "u" vilevile. Angalia zaidi irabu zilizorudiwa. "Itakufaa" na "itakufa" zinatenganishwa na mpigo mmoja wa "a", na si tofauti ya kuifanyia mchezo unapozungumzia dawa au biashara ya mtu. Irabu mbili zipewe mapigo mawili kamili.

Konsonanti za kuangaliwa ni zile zinazotoka mahali pamoja mdomoni, moja ikiwa na mtetemo kooni na nyingine haina: "dawa" na "tawa", "vua" na "fua", "kuja" na "kucha", "kiza" na "kisa". Weka vidole kooni ukitamka jozi hizo. Kama huhisi tofauti kwenye vidole, hata msikilizaji hataisikia.

Weka nguvu kwenye kichwa cha kitenzi

Hapa ndipo Kiswahili kinapomtega msemaji, na maelekezo mengi ya kuongea waziwazi yaliyoandikwa kwa lugha nyingine hayasemi neno. Habari muhimu ya kitenzi iko mwanzoni: nani, lini, ndiyo au hapana, kwa nani. Mkazo uko karibu na mwisho. Maana yake, sauti yako kwa kawaida inapanda mahali ambapo hakuna habari hizo, na inalegea mahali zilipo. Tazama:

atalipa
hatalipa
atamlipa
hatamlipa

Mkazo wa yote manne uko kwenye "li". Anayelipa, kama analipa kweli, na kama kuna mtu anayelipwa, vyote viko kabla ya hapo. Tofauti ya "atalipa" na "hatalipa" ni "h" peke yake, na "h" ni pumzi tu isiyo na nguvu. Kuna wasemaji wanaoidondosha na wengine wanaoiweka pasipohusika. Kwenye simu huisikii kabisa.

Fanya hivi. Pumzika kidogo kabla ya kitenzi ili kisianze kikiwa kimegandamana na neno lililotangulia. Ipe silabi yake ya kwanza muda sawa na ile yenye mkazo, bila kuipigia kelele. Ile "m" ya mtendewa ifunge midomo kabisa na uishikilie, kwa sababu ni silabi inayosimama yenyewe. Ukiipitia juujuu, "anampikia" inageuka "anapikia". Kisha, na hili lina uzito kuliko mbinu zote za mdomo, ukanushi usiuachie silabi moja. Utaje mara mbili: "Hapana, hatalipa." "Sitakuja, sitaweza kufika." "Usimeze, usimeze kabla hujala." Silabi moja ikipotea, nyingine inabaki kushuhudia.

Anayepoteza usikivu

Usikivu unaopungua kwa sababu ya umri huanza kupotea juu, yaani kwenye sauti nyembamba zenye masafa makubwa, yaani zinazotetema mara nyingi zaidi kwa sekunde. Irabu zina nguvu nyingi chini ya hezi 1,000 (mitetemo 1,000 kwa sekunde), na hizo mzee huendelea kuzisikia kwa miaka. Sauti kama "s", "f", "sh", "th", "t" na "k" zinategemea masafa ya juu, mengi yakiwa zaidi ya hezi 2,000, na nguvu kubwa ya "s" iko juu ya 4,000. Ndiyo maana malalamiko ya wazee hufanana: "Nakusikia unaongea, ila sielewi unasema nini." Wanapata irabu na mdundo, konsonanti zinawapita.

Sasa fikiria unapopiga kelele. Kelele huongeza nguvu ya irabu, ambazo tayari zinasikika. "S" na "f" haziwezi kupigiwa kelele; jaribu mwenyewe. Irabu iliyovimba inazifunika zaidi konsonanti za jirani. Isitoshe, wengi wenye tatizo la sikio la ndani hawasikii sauti ndogo, lakini sauti ikizidi kiwango fulani inakuwa kubwa ghafla hadi inaumiza. Utamwona anakunja uso na kusema "usinipigie kelele" dakika moja baada ya kukuambia "ongeza sauti". Si kigeugeu. Pengo kati ya sauti anayoweza kuisikia na ile inayomuumiza limekuwa jembamba.

Utaratibu unaofaa ni huu:

1. Zima redio na televisheni, funga dirisha la upande wa barabara. Mwenye usikivu mzuri hufuata mazungumzo hata kelele ikilingana na sauti. Mwenye usikivu hafifu anahitaji sauti iwe juu ya kelele kwa kiasi kikubwa, mara nyingi desibeli 10 au zaidi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti).

2. Sogea. Kutoka mita 2 hadi mita 1 unaongeza takriban desibeli 6 kwenye sikio lake bila kuongeza chochote kooni mwako. Umbali mzuri ni mita 1 hadi 1.5, karibu zaidi ya hapo anashindwa kuuona uso wako wote. Vifaa vya kusaidia kusikia navyo hufanya kazi vizuri zaidi katika umbali huo.

3. Mwanga uwe usoni mwako, usiwe mgongoni. Ukisimama na dirisha nyuma yako, mdomo wako kwake ni kivuli.

4. Mwite kwa jina au kwa cheo chake, kisha nyamaza mpaka akutazame. Maneno yaliyosemwa kabla hajatazama hayapo.

5. Taja mada kwanza: "Mama, ni kuhusu ile safari." Akishajua mada, anaweza kukisia neno alilolikosa.

6. Sema kwa vifungu, sauti ya wastani yenye nguvu kidogo, kidatu (yaani unene au wembamba wa sauti) kishuke badala ya kupanda. Hili la kidatu huwashinda wengi, kwani mtu akitaka kusikika sauti yake hupanda yenyewe, hususan anapoongea na mzee anayempenda. Inapanda kuelekea kulekule ambako sikio la mzee limeshafungwa.

7. Asiposikia, rudia mara moja kama ulivyosema. Mara ya pili badilisha maneno. Kurudia kunatibu kelele ya bahati mbaya, hakutibu sauti ambayo sikio lake halina. Kama "kisu" kimempita mara mbili, "s" itampita hata mara ya sita. Sema "kile cha kukatia nyama".

Macho nayo yanasikia. Mwaka 1976 Harry McGurk na John MacDonald walionyesha kwamba mtu akisikia "ba" huku akitazama mdomo unaotamka "ga", wengi husikia "da". Anayepoteza usikivu hutegemea mdomo hata kama hajawahi kufundishwa kuusoma. Basi usitafune, usifunike mdomo kwa mkono, usigeuke kuangalia simu katikati ya sentensi. Barakoa huondoa vitu viwili kwa mkupuo: inaficha midomo na inapunguza masafa ya juu yaleyale yaliyokuwa haba.

Lakini mdomo una mipaka. "P", "b" na "m" huonekana sawa kabisa. Mtazame mtu akisema "baba", "papa" na "mama" bila sauti, hutaweza kuchagua. "F" na "v" ni pacha, na "k", "g" na "h" zinatokea nyuma mno zisionekane. Kupanua mdomo kupita kiasi hakuongezi habari yoyote, kunaharibu tu maumbo ambayo jicho limeyazoea.

Jambo lingine la kuacha ni lugha ya kitoto kwa watu wazima: sauti nyembamba, visentensi vya maneno mawili, kiimbo cha kubembeleza. Susan Kemper wa Chuo Kikuu cha Kansas amechunguza kwa miaka mingi namna watu wanavyoongea na wazee, na matokeo yake yanaelekea upande mmoja: kurahisisha muundo wa sentensi na kufafanua jambo kunasaidia, kupandisha kidatu na kufupisha mno sentensi hakusaidii. Na mzee mwenye akili timamu anajua anapofanywa mtoto, hata asiposema.

Simu

Simu ya kawaida imejengwa kubeba hezi 300 hadi 3,400. Mitandao mipya hubeba hadi karibu 7,000, ila ni pale tu simu zote mbili na njia yote ya katikati zinapokubali. Kwa maneno mengine, kila anayekusikia kwa simu ya kawaida amekuwa na usikivu hafifu kwa muda, na tena hauoni mdomo wako. "S" na "f" zinakaribiana, "m" na "n" zinachanganyika, "b", "d" na "p" vilevile.

Tarakimu za Kiswahili zina mtego wake. "Sita" na "tisa" zina irabu zilezile kwa mpangilio uleule. Kilichobadilishana nafasi ni "s" na "t", yaani sauti mbili ambazo simu inazikata. "Sitini" na "tisini" ni balaa hilohilo. "Nne" na "nane" zinafuatia. Marubani wanaotumia Kiingereza walishakutana na shida kama hii, ndiyo maana kanuni za mawasiliano ya anga zinataka 9 itamkwe "niner" ili isifanane na 5. Sisi hatuna matamshi mbadala yaliyokubaliwa, kwa hiyo tumia ujirani wa namba: "sita, inayofuata tano", "tisa, kabla ya kumi". "Nne" ishikilie "n" yake mpaka isikike kama silabi kamili. "Nane" fungua "a" kwa upana.

Kwa saa, neno la pembeni linafanya kazi yote. Sema "saa sita adhuhuri" na "saa tisa alasiri". Ukisema "saa sita mchana" na "saa tisa mchana" umeuachia mtandao uamue mtu afike lini.

Namba ndefu igawe tatutatu. Kidatu kipande kidogo mwishoni mwa kila kundi kuonyesha kwamba bado, kishuke kwenye kundi la mwisho. Subiri mwenzako arudie kundi kabla hujatoa lingine. Ukitaja herufi, chagua maneno marefu kidogo yenye irabu tofauti: S ya sukari, F ya filimbi, M ya moto, N ya nazi, B ya barua, P ya pilipili, D ya dunia. "M ya mama, N ya nanasi" ni chaguo bovu, kwani ile "m" au "n" ikidondoka kinachobaki ni "a" na "a".

Kuna tabia moja ya mwili inayowaharibia wengi simu. Mtu akiwa kwenye kelele hupaza sauti bila kukusudia. Daktari Mfaransa Étienne Lombard aliieleza mwaka 1911, na mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Kwa hiyo ukipiga simu ukiwa penye kelele utapayuka, wakati mwenzako amekaa chumbani kimya na wewe unampasua sikio. Ziba sikio lako lisilo na simu, sogeza mdomo karibu na maikrofoni, sauti itashuka yenyewe.

Mwishoni usiulize "umesikia?" Swali hilo lina jibu moja tu, "ndiyo", na mtu hulitoa kwa adabu. Kwa rika lako sema "hebu nisomee namba uliyoandika". Kwa mkubwa wako jitwishe mwenyewe: "Naomba tuhakikishe, nisije nikawa nimekosea mimi. Nimekutajia saa ngapi?"

Anayejifunza lugha

Huyu masikio yake ni mazima. Tatizo ni kwamba amejifunza "nitakupigia" naye anasikia "ntakupigia". Amejifunza "baba yangu" naye anasikia "babangu". Anatafuta "nimeshakuambia" kumbe imepita mbele yake ikiitwa "nshakwambia". Kazi yako ya kwanza ni kurudisha silabi ulizozimeza. Ya pili ni kupumzika kati ya vifungu, kwa sababu hajui mipaka ya maneno. Kupaza sauti hakumpi kitu.

Mwaka 2007 Uther, Knoll na Burnham walichapisha utafiti uliofanywa Uingereza ulioonyesha kwamba akina mama walipoongea na wageni walizipanua irabu kama wanavyofanya kwa watoto wachanga, lakini hawakupandisha kidatu. Fuata hivyohivyo: irabu pana, kiimbo cha mtu mzima.

Sauti ambazo lugha yake haizitenganishi zina utaratibu mwingine. Asiyetenganisha "r" na "l" hatazitenganisha eti kwa sababu umetetemesha "r" yako kwa sekunde mbili. Sauti inafika, ila sikio lake linaiweka kwenye kapu lilelile. Vivyo hivyo "dhana" na "zana". Msaada uko kwenye neno la jirani: sema "kupiga kura" na "kula chakula", sema "zana za kazi". Hapo ndipo anapotofautiana na mwenye usikivu hafifu, ambaye ukimsogelea na kuifungua konsonanti mara nyingi anaipata.

Usiivunje sarufi. "Wewe kwenda sasa, gari hapana" haimrahisishii, maana viambishi ulivyoviondoa ndivyo anavyovitafuta, na akikuiga ataongea hivyo. Wala usiige lafudhi yake. Howard Giles na wenzake, walioanza katika miaka ya 1970 kueleza jinsi watu wanavyosogeleana kimatamshi wanapozungumza, waliona pia upande wa pili: msogeo ukipita kiasi, anayesogelewa huuona ni dhihaka. Polepole, kamili, na sauti yako mwenyewe. Akikuzoea, ongeza kasi kidogo kila baada ya siku kadhaa. Ukibaki palepale hatawahi kuelewa mtu mwingine zaidi yako.

Watoto wadogo

Hapa, tofauti na kwa wazee, kidatu cha juu na kiimbo kinachopanda na kushuka kwa upana vinafaa, kwa sababu vinamvuta mtoto asikilize. Patricia Kuhl na wenzake walilinganisha akina mama wa Marekani, Urusi na Sweden katika utafiti wa 1997, wakakuta wote huziweka mbalimbali zaidi irabu "i", "a" na "u" wanapoongea na wachanga. Wanaoongea na paka na mbwa wao, utafiti wa Australia wa 2002 ulikuta, hupandisha kidatu vilevile lakini irabu hawazipanui. Inaelekea watu wanajua, bila kuambiwa, nani anajifunza lugha na nani hajifunzi.

Neno jipya liweke mwisho wa sentensi, kisha kaa kimya sekunde mbili: "Tazama, hii ni… rula." Akisema "lula", usimwambie "sema tena vizuri". Mrudishie neno sahihi ndani ya jibu la kawaida: "Eeh, rula. Rula yako ndefu." "R" ni miongoni mwa sauti zinazochelewa kukomaa, na kumlazimisha hakuiharakishi. Na usimwigie kosa lake kwa kuwa linachekesha. Anahitaji kusikia lengo analolifukuzia.

Aliyepatwa na kiharusi

Kama kiharusi kimeathiri sehemu ya ubongo inayoshughulikia lugha, hali inayoitwa afasia, sauti inafika vizuri na ugumu uko kwenye kuipambanua. Ongea kwa sauti ya kawaida, jambo moja kwa sentensi, maswali yanayojibika kwa ndiyo au hapana, kisha hesabu kimoyomoyo hadi 10 kabla ya kusema chochote. Wengi huharibu hapo: kimya kinawawasha, wanaanza sentensi upya kwa maneno mengine, na yeye aliyekuwa amefika katikati ya ile ya kwanza analazimika kuanza tena.

Ukumbi na mashine

Kwenye ukumbi wenye mwangwi, silabi uliyoitoa inaendelea kuzunguka na kufunika zinazofuata. Kupaza sauti hakusaidii, kwani mwangwi nao unakua kwa kiasi hichohicho. Refusha mapumziko hadi sekunde nzima mwisho wa kila kifungu. Maikrofoni ikae sentimita 10 hadi 15 kutoka mdomoni, pembeni kidogo, la sivyo kila "p" na "b" itapiga mshindo kwenye spika.

Programu zinazotambua sauti zimefunzwa kwa maongezi ya kawaida. Ukiikasirikia na kuanza kuiambia "pi-ga si-mu", unaipa kitu ambacho haijawahi kukisikia na makosa yanaongezeka. Tumia kasi ya kawaida, usipumzike ndani ya neno, na ikikosea badilisha tungo.

Kujipima

Andika sentensi 10 ambazo muktadha hausaidii kukisia neno la msingi: "Amesema hatamlipa." "Nimeandika tisini." "Hii itakufaa." "Alikuwa anampikia." Zirekodi mara mbili kwa simu: kwanza kama unavyoongea siku zote, kisha waziwazi. Tazama urefu wa rekodi; ya pili ikizidi mara mbili ya ile ya kwanza, umevuta silabi badala ya kupumzika. Mpe mtu ambaye hajaziona sentensi hizo azisikilize kwa sauti ya chini, redio ikinguruma chumbani, aandike anachosikia. Mchezeshee kwanza rekodi ya kawaida, vinginevyo atakuwa ameshayajua majibu, na ukitaka kipimo kisafi tafuta watu wawili, kila mmoja na rekodi yake.

Hesabu maneno yaliyokosewa, halafu angalia yamekosewa wapi. Makosa ya mwanzo wa vitenzi yanamaanisha bado unameza viambishi. Yakiwa kwenye jozi za "s" na "z" au "d" na "t", rudi kwenye vidole kooni. Maneno mawili yakiandikwa kama moja, ongeza pumziko. Rudia baada ya wiki mbili kwa sentensi nyingine, na jozi inayokukataa kila mara iandalie neno la pembeni la kutembea nalo, kama "adhuhuri" inavyoitembeza "sita".